Kalenda tatu za msichana wa Kusini

Muulize mtendaji wa kijiji chochote cha Tandahimba au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, kwa nini wasichana wanaacha shule, atakuhesabia vidoleni: umaskini, mimba, ngoma za unyago, umbali, wazazi kukosa mwamko. Hajakosea. Ila orodha yake haina tarehe. Msichana haachi shule "kwa umaskini" hivi hivi. Anaacha Februari kwa sababu sare haijapatikana, au Julai kwa sababu ametoka kuchezwa unyago na anajiona mtu mzima, au Oktoba kwa sababu nyumba nzima imehamia shambani kuokota korosho. Rejesta ya mahudhurio ikisomwa kwa miezi badala ya majina, mapengo yake yanaanza kueleweka.

Msichana wa Mtwara au Lindi anaishi ndani ya kalenda tatu kwa pamoja: ya shule, ya shamba na ya ngoma. Wanaozipanga ni watu tofauti na hawaulizani. Pale zinapogongana ndipo anapopotea.

Fedha inafika mwezi usio wake

Mwaka wa shule una siku 194 hivi za masomo. Unaanza Januari, unakatwa na likizo ya Juni, unafungwa mapema Desemba. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba. Kidato cha pili na cha nne wanafanya Novemba. Sasa weka korosho juu yake. Mikorosho inapuliziwa salfa kuanzia Mei au Juni, korosho zinaanza kudondoka Septemba, zinakolea Oktoba na Novemba, na minada ya vyama vikuu vya ushirika kama TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao inafunguliwa Oktoba. Liwale, Nachingwea na Ruangwa kuna ufuta pia, unaovunwa kuanzia Mei.

Kwa hiyo miezi ambayo shamba linataka mikono ndiyo miezi ya mitihani, na mwezi ambao shule inadai vifaa ni Januari, wakati fedha ya mnada imeshapita mikononi. Ada ya sekondari iliondolewa Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, na kidato cha tano na sita wakafuata mwaka wa fedha 2022/2023. Lakini ada haikuwahi kuwa gharama peke yake. Anayeingia kidato cha kwanza anahitaji sare pea mbili, viatu, begi, kauntabuku ya kila somo, na kama ni wa hosteli anaongezewa godoro, shuka, ndoo na sanduku. Ruzuku ya serikali, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, ni ya kuendesha shule. Haimnunulii mtoto kiatu.

Ukiuliza kwa nini mzazi aliyeuza korosho Novemba hana kitu Januari, utaambiwa ni ulevi au anasa. Wapo wa hivyo. Wengi lakini walishauza kabla ya kuvuna. Masika, chakula kinapopungua ndani, mnunuzi wa kangomba, anayenunua korosho kabla hazijavunwa, anapita na fedha taslimu. Tuseme mzazi amechukua shilingi 60,000 mwezi Machi kwa ahadi ya kilo 60. Mnadani bei ikifika shilingi 3,500 kwa kilo, zile kilo 60 zina thamani ya 210,000. Tofauti ni 150,000, na hiyo ndiyo sare, viatu na kauntabuku za binti yake. Kangomba imepigwa marufuku miaka mingi, na bado ipo, kwa sababu njaa ya Machi haisubiri mnada wa Oktoba. Msimu wa 2024/2025 bei ilivuka shilingi 4,000 kwenye minada ya mwanzo. Bei ikipanda, aliyeuza mapema ndiye anayeumia zaidi.

Jambo dogo linalofanya kazi ni kununua vifaa siku ile ile malipo yanapoingia, Oktoba au Novemba, bila kusubiri majina ya waliochaguliwa. Sare ikatwe kubwa kidogo, upindo uachwe mrefu. Mtoto akikosa nafasi, sare inauzika kwa jirani. Akipata, hakuna wa kumwambia asubiri mwezi wa tatu. Anayesubiri hadi mwezi wa tatu huwa haendi tena.

Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, zina sharti la mtoto kuhudhuria shule angalau asilimia 80 ya siku. Ukikokotoa kwa mwaka, zinabaki siku 38 tu za kukosa. Tutazirudia siku hizo, maana zinakwisha haraka kuliko watu wanavyodhani.

Ngoma: tatizo liko wapi hasa

Wengi wanaoandika kuhusu unyago wakiwa mbali wanauhukumu wote kwa mkupuo. Ni kosa, na halimsaidii mtoto. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mwali anafundishwa usafi wa hedhi, heshima, namna ya kukaa na watu. Anapata somo wake, mwanamke wa kumwongoza, wa maisha yote. Ukimwambia bibi aliyechezwa kwamba kilichomfanya mtu mzima ni upotofu, mazungumzo yameishia hapo. Miaka ya 1920 Askofu Vincent Lucas wa Masasi alilielewa hilo. Badala ya kukataza jando na unyago, alijaribu kuvipa sura ya Kikristo. Hata asiyekubaliana naye atambue kwamba ngoma zimedumu, na kilichowahi kubadilika ni muda na mafundisho yake.

Basi tuyatenge mambo. La kwanza ni muda. Ngoma inayoanza wiki ya kwanza ya likizo ya Juni na mwali akatolewa kabla ya shule kufunguliwa haimpotezei siku hata moja. Inayoanza wiki ya mwisho ya likizo inakula Julai. Kitakachosaidia ni kalenda ya kijiji iliyokubaliwa na makungwi wenyewe, yaani wanawake wanaofundisha wali, ikiwa na tarehe ya mwali wa mwisho kutoka nje, na kibali cha ngoma kutolewa na mtendaji kwa tarehe hizo tu. Amri inayotoka wilayani bila makungwi kukaa kikaoni hukwepwa kwa kuhamishia ngoma kijiji cha pili.

La pili ni umri, na hapa hakuna haja ya kupindisha maneno. Zamani mtoto alichezwa baada ya kuvunja ungo. Sasa wapo wanaochezwa wakiwa na miaka saba au minane, kwa sababu mzazi anataka kuwaunganisha dada na mdogo wake apunguze gharama, au anaogopa kwamba bibi anayeijua kazi hatakuwepo baadaye. Fundisho lililotungwa kwa msichana anayekaribia kuolewa linaangukia kwenye sikio la mtoto wa darasa la pili. Analielewa kipande, na kipande anachokishika ni kile cha "umeshakua". Makungwi wenyewe wanalijua hili kuliko mtu yeyote, na wapo waliokubali kugawa mafundisho: ya usafi na heshima kwa wadogo, ya ndoa yakaachwa hadi atakapokaribia kuolewa. Huko ndiko kwa kuweka nguvu.

La tatu ni gharama, ambayo haizungumzwi. Kumtoa mwali ni chakula cha wageni, nguo mpya, kanga, malipo ya kungwi, muziki wa kukodi. Ngoma ya Desemba inalipiwa na korosho zile zile zilizopaswa kununua kauntabuku za Januari. Familia haichagui ngoma dhidi ya shule kwa makusudi. Inalipa kilicho mbele kwanza, na Desemba inatangulia Januari.

Barabarani na getoni

Sekondari za kata zilipunguza umbali, hazikuumaliza. Chukua kilomita nane. Mtoto mwenye begi anatembea kama kilomita nne kwa saa, basi ni saa mbili. Kama namba inahesabiwa saa 1:30 asubuhi, lazima aondoke saa 11:30 alfajiri, na Juni jua linachomoza baada ya saa 12. Nusu saa au zaidi anatembea gizani, katikati ya mikorosho. Akitoka saa 10 jioni anafika saa 12, bado maji, bado kupika. Saa ya kujisomea haimo.

Hapo ndipo bodaboda anaposimama. Lifti ya kwanza ni ya bure, ya kumi ina deni. Tusiwapakazie vijana wote wa bodaboda, lakini utaratibu huo unajulikana kila kata. Kundi la wasichana watano wanaotembea pamoja, na nauli ya pamoja inayolipwa na wazazi kwa dereva mmoja anayejulikana, vinazuia mengi kwa fedha kidogo.

Wengine wanapanga mtaani, getoni. Chumba kimoja, wasichana watatu au wanne, unga uliobebwa Jumapili. Mzazi anadhani ametatua umbali, kumbe amehamisha tatizo: unga unaisha Alhamisi, mwenye duka anakopesha, na mkopo unadaiwa usiku. Hosteli ni bora, ikiwa kweli ni hosteli: uzio, taa, choo ndani ya uzio, maji, na matroni anayelala hapo hapo na kulipwa. Jengo lenye vitanda lisilo na matroni ni geto kubwa.

Siku za hedhi na maji ya Newala

Hesabu ni fupi. Anayekosa siku tatu kila mwezi kwa miezi tisa ya masomo anapoteza siku 27 kati ya 194, karibu siku moja katika kila saba. Kumbuka zile siku 38 za TASAF: zimebaki 11 za malaria, misiba na korosho.

Taulo za kutupa zinabadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita. Kwa siku tano ni kama vipande 20, yaani pakiti mbili za vipande kumi. Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo mwaka 2018 ikarudishwa 2019. Za kufua ni nafuu zaidi: nne au tano zikitunzwa zinafika mwaka. Masharti yake ni sabuni, maji, na kuanikwa juani. Inayofichwa chini ya godoro ikiwa mbichi inaota ukungu na kuleta muwasho, kisha msichana anasema taulo za kufua ni mbaya.

Maji ndiyo fundo la Newala na Tandahimba. Uwanda wa Makonde ni wa udongo wa kichanga unaomeza mvua. Chemchemi ziko mabondeni, watu wako juu, na maji husukumwa kwa mashine kupandishwa. Mashine ikisimama, anayeteremka na ndoo ni msichana. Shule ya huko isiyo na tangi la kuvuna maji ya mvua inaweza kuwa na choo kizuri kisichotumika. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20, kwa hiyo shule ya wasichana 300 inahitaji matundu 15, pamoja na chumba cha kujistiri chenye mlango unaofungwa kwa ndani, maji, ndoo ya taka na mahali pa kuchomea. Komeo la ndani ndilo linalosahaulika mara nyingi, nalo ni shilingi elfu chache.

Sheria mbili zinazopishana

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, na si kosa lao. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016. Kuoa au kuolewa na mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa, na anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Anayesaidia ndoa hiyo, awe mzazi au mshenga, naye ana kosa. Upande wa pili ipo Sheria ya Ndoa ya 1971, inayomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu iliona vifungu hivyo vinapingana na Katiba mwaka 2016 katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka ukapita bila vifungu kubadilishwa.

Matokeo yake ni kwamba kinachomlinda msichana wa miaka 15 ni neno "mwanafunzi". Likiondoka, ulinzi wa Sheria ya Elimu unaondoka nalo. Na linatikisika lini? Baina ya Septemba, anapomaliza darasa la saba, na Januari. Je, anayesubiri matokeo ni mwanafunzi? Wakili wa mshtakiwa atauliza swali hilo. Miezi hiyo ndiyo miezi ya fedha ya korosho, na ya maposa. Sasa unaelewa kwa nini wapo wazazi wanaomwambia binti ajaze majibu ovyo kwenye mtihani. Akifeli hakuna barua ya kuchaguliwa, hakuna shule inayomdai, na ndoa inapita kimyakimya. Mwalimu mkuu anayeona mtoto aliyekuwa wa tano darasani ghafla amepata alama za mwisho ana haki ya kushtuka.

Sera mpya ya elimu, toleo la 2023, inafanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Ikitekelezwa kikamilifu, mwanya wa Septemba hadi Januari unazibika, kwa sababu kumaliza msingi hakutakuwa tena mwisho wa elimu ya lazima.

Kwa asiye mwanafunzi, bado kuna Kanuni ya Adhabu: kujamiiana na msichana chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akiridhia. Lakini sheria hiyo hiyo inamwacha nje aliyemwoa mwenye miaka 15 au zaidi. Mduara unarudi kwenye Sheria ya Ndoa.

Kesi nyingi hazifi mahakamani, zinafia nyumbani. Familia mbili zinakaa, fedha inalipwa, binti anafundishwa kusema hamjui mhusika. Zinazofika mbele zinakwama kwa vitu vidogo: hakuna cheti cha kuzaliwa, rejesta haionyeshi jina sawa na la cheti, shahidi hana nauli ya kwenda wilayani. Shule itunze mapema nakala ya cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya kila msichana, jina likiandikwa kwa herufi zile zile kwenye rejesta.

Likitokea tukio la kubakwa, saa ni muhimu kuliko maneno. Asioge, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Afike kituo cha afya ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Dawa ya kuzuia mimba inafaa hadi saa 120, mapema ikiwa bora. Fomu ya matibabu ya PF3 inatoka polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, lakini matibabu yasisubiri fomu. Simu ya msaada kwa watoto, 116, ni ya bure.

Faida inayoonekana kwa macho

Wapo wanaouliza kidato cha nne kinamsaidia nini mtu atakayerudi kulima. Swali ni halali. Mwanamke mwenye mikorosho 50 asiyeweza kusoma stakabadhi ya ghala anategemea karani amwambie kilo zake ni ngapi na makato ni kiasi gani. Anayesoma anahesabu mwenyewe. Na mwili nao una hoja yake: nyonga ya msichana wa miaka 14 haijamaliza kukua, uchungu unaweza kuwa pingamizi, na mwanamke akikaa siku mbili na uchungu wa namna hiyo yuko kwenye hatari ya fistula, tundu linalomfanya avuje mkojo au kinyesi. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kuanza kuzaa au wana mimba. 2015/16 walikuwa asilimia 27. Imeshuka. Bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano.

Aliyezaa anarudije

Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 uliruhusu walioacha msingi au sekondari kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwemo, kurudi kwenye mfumo rasmi, na mwongozo wake unatoa muda wa miaka miwili. Waraka ni maelekezo ya kiutawala, kwa hiyo nguvu yake shuleni inategemea sana mkuu wa shule aliyeusoma. Mzazi aende na barua, cheti cha kuzaliwa cha binti na taarifa zake za shule ya awali. Kama aibu ni kubwa, aombe uhamisho kabla hajarudi, si baada ya kutaniwa wiki ya kwanza. Akiambiwa nafasi imejaa, aende kwa afisa elimu kata, halafu kwa afisa elimu wa halmashauri, akiwa na barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Aliyepitwa na umri ana njia nyingine: MEMKWA kwa aliyekosa msingi, vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako hupita kwenye mtihani wa maarifa kisha kidato cha nne, au vyuo vya maendeleo ya wananchi kama Masasi na Chilala, ambako kuna fani za mikono. Kabla ya kujiandikisha chuoni auliziwe kama kuna chekechea, maana kwa mwenye mtoto mchanga hilo linaweza kuamua kama atamaliza.

Kinachowarudisha nyumbani mwezi wa pili mara nyingi si masomo. Ni mtoto kuugua na hakuna wa kukaa naye. Na hapa ukoo wa kuumeni unaotajwa kwenye fomu ya shule unaweza kukupoteza. Kwa makabila ya huku yanayofuata ukoo wa mama, mjomba ana sauti kubwa, na ndoa zinapovunjika watoto wengi wanalelewa na bibi. Mwalimu anayemwita "mzazi" kwenye kikao anamwita baba aliyehamia Dar es Salaam. Andika kwenye fomu majina mawili zaidi, la mjomba na la bibi mzaa mama, na simu zao. Halafu kabla binti hajavaa sare, mwalimu wa malezi aende kwa bibi, amuulize wazi: mtoto atakula nini kuanzia asubuhi hadi saa 10 jioni, na nani ataokota korosho Oktoba ikifika?